Tafuta Mji Unaotembeka Kabla ya Kutafuta Kiwanja

Kama unapanga kuacha kazi kabla ya miaka 60, huenda tayari una kiwanja mahali. Kiko Chanika, Vikindu, Mapinga au Mlandizi. Ulikinunua kwa mkopo wa SACCOS kwa sababu bei ilikuwa nafuu, ukajenga msingi, na tangu hapo kila ukipata chochote unapeleka lori la mchanga au tofali mia mbili. Kabla hujapeleka lori jingine, nakuomba uende pale siku ya kawaida, uache gari barabarani, kisha utafute dawa ya kichwa, kilo mbili za unga na fungu la nyanya kwa miguu yako mwenyewe. Beba ulichonunua mpaka kiwanjani. Asubuhi hiyo moja itakueleza maisha yako ya baadaye kuliko dalali yeyote.

Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wastaafu waliojenga nyumba nzuri, zenye vigae na geti la umeme, ambazo sasa zimewafungia ndani. Duka liko mbali, zahanati iko mbali zaidi, barabara ni ya vumbi kiangazi na tope masika, na kila hitaji dogo linaanza na simu ya kumwita kijana wa bodaboda. Chukua mfano wa nauli ya shilingi 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Safari moja tu kwa siku, siku 25 za mwezi, ni shilingi 100,000. Kwa mwaka ni 1,200,000. Kwa miaka 20 ni milioni 24, na hapo hatujapandisha nauli hata mara moja. Ukichukua fedha hizo ukaziongeza kwenye bei ya kiwanja kile cha nafuu, unaona kwamba kiwanja kidogo cha ghali karibu na soko ndicho kilikuwa rahisi tangu mwanzo.

Hesabu hiyo inambana zaidi anayestaafu mapema. Mifuko yetu, PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sekta binafsi, inatambua kustaafu kwa hiari ukifikisha miaka 55 na kwa lazima ukifikisha 60, na ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Ukiondoka kazini na miaka 50, miaka mitano ya mwanzo utaishi kwa akiba na shughuli zako ndogondogo. Kwa hiyo nenda kwenye mfuko wako ukapigiwe hesabu kwa kikokotoo kinachotumika sasa, si kile alichokisimulia mwenzako aliyestaafu zamani. Ukishaijua fedha ya mwezi, jiulize kiasi gani kitakwenda kwenye usafiri. Katika mji unaotembeka jibu linaweza kuwa karibu na sifuri.

Faida nyingine ni ya mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, wakiwemo waliovuka miaka 65, wafanye mazoezi ya wastani yasiyopungua dakika 150 kwa wiki. Soko likiwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani, kwenda na kurudi mara tano kwa wiki kumeshakupa dakika 150 bila kununua raba za mazoezi wala kujisajili popote. Mtu mwenye presha au sukari anaambiwa kila siku kliniki kwamba atembee. Wengi hawatembei, si kwa uvivu, ila hawana pa kwenda kwa miguu. Akiishi mahali ambapo gazeti, maziwa na rafiki wa kucheza naye bao vipo mtaa wa pili, atatembea bila kuhimizwa.

Pima kwa dakika

Dalali atakwambia "ni karibu tu na barabara kuu". Neno hilo usilipokee. Chukua saa, utembee kwa mwendo wako wa kawaida. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita moja kwa dakika 12 hadi 15. Kwa baiskeli, bila haraka, dakika 15 zinakufikisha kilomita tatu. Vipimo hivyo viwili vinatosha kuchora maduara mawili kuzunguka nyumba unayoitaka.

Ndani ya duara la kwanza, la robo saa kwa miguu, viwepo vitu vya kila siku: genge au duka, duka la dawa, nyumba ya ibada unayosali, kituo cha daladala, na mahali watu wanapokaa kuzungumza. Ndani ya duara la pili, la robo saa kwa baiskeli, viwepo vya kila wiki: soko kubwa, benki, hospitali, ofisi ya serikali ya mtaa au kata, stendi ya mabasi. Kinachobaki nje ya maduara hayo kiwe kile unachokihitaji mara chache kwa mwaka.

Hapa pana jambo ambalo watu wa miaka 50 hulisahau, na ninakusihi ulipe uzito. Unachagua mji ukiwa na magoti mazuri. Leo kilomita nane kwa baiskeli ni starehe. Ukifika miaka 75, huenda baiskeli umeiacha na mwendo wako wa miguu umepungua nusu. Kwa hiyo duara la kwanza ndilo litakalokutunza hadi mwisho. Kama mji unakupa duara kubwa la baiskeli lakini duara dogo la miguu ni tupu, utaufurahia miaka kumi, kisha utaanza kutafuta wa kumtuma. Bora nyumba ya vyumba viwili mtaani penye watu kuliko ekari mbili zenye ukimya.

Njia nyingi ni bora kuliko njia pana

Tuutazame mji wa Tanga, kwa sababu unaonyesha vizuri ninachokizungumzia. Uko kwenye tambarare ya pwani, hauna vilima vya kukukata pumzi, na baiskeli imekuwa chombo cha kawaida cha wakazi wake kwa vizazi. Utamwona mzee wa kanzu na kofia akienda sokoni kwa baiskeli, na kijana aliyembeba mama yake kwenye keria, na hakuna anayewashangaa. Ngamiani, upande wa kusini wa reli, imepangwa kwa mitaa iliyonyooka inayokatana, na barabara zake nyingi zinaitwa kwa namba: Barabara ya Tano, ya Kumi, ya Kumi na Mbili. Mgeni akielekezwa mara moja hapotei.

Mpango huo una manufaa kuliko unavyoonekana kwenye ramani. Mitaa ikiwa mifupi na inakatana mara kwa mara, una njia nyingi za kufika mahali pamoja. Barabara moja ikijaa magari, unakata kona unapita ya pili. Moja ikiwa na jua kali, unapita upande wenye kivuli. Unapita mbele ya maduka, mbele ya baraza, mbele ya watu wanaokufahamu. Reli yenyewe, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, inaitenga Ngamiani na upande wa bandari na ofisi, lakini mtu anavuka na kuendelea na safari yake. Kutoka huko, kuelekea Raskazoni, njia inapita upande wa bahari hadi Hospitali ya Bombo, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa baiskeli, mkazi wa Ngamiani anafika hospitalini, ufukweni na Soko la Mgandini bila kumwomba mtu lifti.

Sasa linganisha na viwanja vingi vipya vinavyouzwa pembezoni mwa Dar es Salaam. Vimepimwa, vina vigingi, vina barabara ya ndani ya mita kumi. Lakini mradi mzima una mlango mmoja. Kila mtu amejenga ukuta, na hakuna kichochoro kilichoachwa katikati. Duka liko nyuma ya nyumba yako, unasikia redio yake, lakini ili ulifikie unazunguka hadi lango la mradi, unatoka barabara kuu, unaingia mtaa mwingine. Mita 150 zinageuka kilomita nzima. Kabla ya kulipa chochote, iangalie ramani ya setilaiti kwenye simu yako, hesabu njia za kutoka eneo hilo. Zikiwa moja au mbili, fikiri tena. Kisha nenda ukazione kwa macho, maana njia iliyoko kwenye ramani inaweza kuwa imeshajengewa ukuta na jirani.

Suala la barabara kuu nalo lina uzito. Miji yetu mingi imekua kando ya barabara ya lami inayounganisha mikoa, na maduka yote yamejipanga pale. Kibaha ni mfano: ina huduma nyingi, ina Hospitali ya Tumbi, ina maeneo yenye miti na utulivu, lakini Barabara ya Morogoro inaugawa mji, na malori ya kwenda bara na nchi jirani hayaishi mchana wala usiku. Kikomo cha mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na si kila dereva anakiheshimu. Anayegongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 30 ana nafasi kubwa ya kupona. Kwenye 50 nafasi hiyo inashuka sana, na kwa mzee inashuka zaidi. Ukipapenda Kibaha, au mji mwingine wa namna hiyo, chagua upande wa barabara ulio na soko, kanisa au msikiti wako, na zahanati, ili kuvuka kuwe kwa nadra. Uhitaji wa kuvuka mara mbili kila siku hautatuliwi na uzuri wa nyumba.

Jua, mchanga na mtaro

Mji unaweza kuwa tambarare na bado ukakushinda. Pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, jua la saa sita halimwachi mtu salama, na unyevu wa hewa unaongeza uzito. Kwa hiyo tazama miti. Mtaa wenye miembe, mikungu na miarobaini kando ya njia unatembeka hata saa nne asubuhi. Mtaa uliokatwa miti yote ili kupisha ukuta na nguzo unatembeka alfajiri na jioni tu. Wenyeji wa pwani hupanga siku zao hivyo: sokoni saa moja asubuhi, matembezi saa kumi na nusu alasiri upepo wa bahari ukishaanza. Nawe utajifunza, lakini kivuli kitakuongezea saa kadhaa za uhuru kila siku.

Ardhi iangalie kwa jicho la mwendesha baiskeli. Mchanga mwingi wa pwani humeza tairi nyembamba, utajikuta unaisukuma baiskeli badala ya kuiendesha. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni mbaya zaidi wakati wa mvua: unajikunja kwenye madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri ni nzuri, na lami nyembamba ya mtaani yenye matuta ni nzuri zaidi. Kisha angalia mitaro. Mtaro wa zege wa kina cha mita moja, usio na mfuniko, kando ya njia isiyo na taa, ni hatari kubwa kwa mzee anayetoka kwenye ibada ya usiku. Kalavati zilizovunjika, vyuma vilivyochomoza na mifuniko iliyoibwa, vyote viandike. Barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Ukijua mwenye barabara, utajua pa kupeleka ombi la mfuniko au taa.

Mlima nao una hesabu yake. Moshi ni mji ninaouheshimu: safi, una barabara zenye miti mikubwa upande wa Shanty Town, una KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, na hali ya hewa yake ni laini kuliko ya pwani. Lakini umelala kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Ukikaa chini upande wa Pasua, kwenda hospitali ni kupanda muda wote. Ukikaa juu, kurudi na mzigo kutoka soko la katikati ni kupanda. Kwa anayependa Moshi, ushauri wangu ni kukaa usawa ule ule wa mahali unapokwenda mara nyingi, uende kwa kukata mlima badala ya kuupanda, na ununue baiskeli ya gia.

Morogoro iko kilomita zipatazo 190 kutoka Dar es Salaam, na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 imeileta karibu. Mstaafu mwenye watoto na wajukuu Dar anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Sehemu za katikati ya mji zinapitika kwa baiskeli. Kadiri unavyosogea miguuni mwa Uluguru ndivyo mlima unavyokukabili. Kumbuka pia kwamba stesheni ya SGR haiko katikati ya mji, wala stendi ya Msamvu, kwa hiyo pima umbali kutoka nyumba unayoitazama badala ya kuridhika kwamba treni ipo. Na maji ya mlimani yana njia zake za zamani: nyumba ya bei nzuri bondeni iulizie kwa wazee wa mtaa.

Bagamoyo ni tambarare, mji wake mkongwe ni mdogo kiasi cha kuuzunguka wote kwa miguu, na lami inakuunganisha na Dar. Udhaifu wake uko kwenye tiba za kibingwa, ambazo utazifuata Kibaha au Dar es Salaam. Kwa mwenye tatizo la moyo au figo, jambo hilo pekee linaweza kuamua. Kabla ya kuchagua mji wowote, chukua orodha ya dawa zako, ingia maduka matatu ya dawa ya pale, uliza kama zipo. Uliza pia hospitali gani inapokea kadi yako ya bima. Na kama unafikiria Tanga, ujue kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, kaskazini ya mji. Mradi mkubwa kama huo huleta wageni, magari na kupanda kwa bei, basi ulinganishe bei za mitaa kadhaa kabla hujatoa chochote.

Panga kwanza, na upange masika

Usinunue mji usioujua. Panga nyumba ndogo kwa miezi sita. Wenye nyumba wengi watakudai kodi ya miezi hiyo kwa mkupuo, na hiyo iwe gharama ya elimu yako. Chagua kipindi kitakachokutana na masika, kati ya Machi na Mei. Mji unaopendeza Agosti, njia zikiwa kavu, unaweza kukufungia ndani Aprili. Mwenza wako aende nawe tangu siku ya kwanza, asiletwe mwishoni kuonyeshwa nyumba iliyokwisha kuchaguliwa. Nyumba nyingi za kustaafu zimebaki na mtu mmoja kwa sababu mwenzake hakuulizwa. Mwenza ndiye anayekwenda sokoni, ndiye mwenye kikundi cha akina mama, ndiye anayejua kama mtaa una usalama saa mbili usiku.

Katika miezi hiyo, gari lisiguswe ila kwa safari ya nje ya mji. Funga kilo kumi za mchele kwenye keria uone unafikaje nyumbani. Nenda kliniki kwa miguu siku unayojisikia vibaya kidogo, maana ndiyo siku utakayoihitaji kweli. Toka usiku, uone taa za mtaani zinawaka au nguzo zimesimama tu. Muulize mama anayeuza vitumbua alfajiri kama anaogopa kutembea saa kumi na moja. Yeye anaujua mtaa kuliko mwenye nyumba yako. Na kaa kwenye baraza ya duka moja asubuhi nzima, utazame nani anapita kwa baiskeli. Ukiona wanaume vijana peke yao, njia hiyo inahitaji nguvu na ujasiri. Ukiona wanafunzi wa kike, akina mama wenye vikapu na wazee wa miaka 70, njia hiyo itakufaa. Hicho ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni hapandi baiskeli mahali ambapo magari hayamheshimu.

Wengi watakuuliza kwa nini usirudi kijijini kwenu. Ni swali la haki, na kwa mwenye shamba na ndugu pale linaweza kuwa jibu zuri. Lakini kijiji chetu mara nyingi kinatembeka hadi shambani, hakitembeki hadi hospitali. Njia ya kati ni mji mdogo wa wilaya ulio karibu na kijiji: Korogwe kwa mtu wa milima ya Usambara, kwa mfano. Unakaa penye huduma, na kwenye misiba na harusi unafika siku hiyo hiyo.

Baiskeli, na fundi wake

Usinunue baiskeli kabla ya kujua fundi yuko wapi. Katika mji wa baiskeli utamjua kwa urahisi: amekaa chini ya mti au kwenye kibanda cha mabati, mbele yake pana beseni la maji, sanduku la spana, kopo la gundi na vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa kwa viraka. Anaijaza tyubu upepo, anaizamisha kwenye maji sehemu kwa sehemu, anatazama mapovu yanapotoka. Anapakuna kwa kipande cha msasa, anapaka gundi, anaisubiri ikauke, anabandika. Dakika kumi umeondoka. Ukimkuta mmoja kila baada ya mitaa michache, ujue spoku, breki na tairi zinapatikana na bei ni ya kueleweka. Ukikuta mafundi wa pikipiki tu, utakuwa unasafirisha baiskeli yako kwenye bajaji kwa ajili ya pancha.

Ya kununua iwe ile isiyo na mtalimbo wa juu, ile ambayo watu wamezoea kuiita ya kike. Wanaume wengi huikwepa kwa aibu, na aibu hiyo inagharimu: mzee anayelazimika kurusha mguu juu ya mtalimbo huanguka anapopanda au anaposhuka, si anapoendesha. Tairi ziwe nene kiasi, ziumudu mchanga. Kiti kishushwe mpaka nyayo ziguse chini ukisimama. Keria imara, kengele, taa ya mbele na kiakisi cha nyuma visikosekane. Pwani, chumvi ya hewani hula cheni haraka. Ipanguse na kuipaka mafuta kila wiki, na baiskeli ilale ndani. Siku mizani ya mwili itakapopungua, ya magurudumu matatu inaweza kukuongezea miaka kadhaa ya kwenda sokoni mwenyewe, hivyo panga tangu mapema njia itakayoipitisha getini.

Karatasi

Mtaa ukikupendeza, hamia ofisini. Kwenye halmashauri omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Barabara tulivu unayoipenda inaweza kuwa imechorwa kuwa barabara kubwa, na uwanja wa wazi ulio mbele yako unaweza kuwa umetengwa kwa kituo cha mafuta. Uliza hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba nyingi ziliwekewa alama ya X. Anayetaka kuishi karibu na kituo cha mabasi yuko kwenye hatari hiyo kuliko aliyejificha ndani, basi pima kwa futi kamba, usipime kwa macho.

Fanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati ujue mmiliki ni nani na kama kuna mkopo juu ya hati. Pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa majirani wa pande zote nne, uulize mpaka na njia. Njia ya kupita kwa miguu kati ya viwanja ina thamani kubwa kwako. Hakikisha imo kwenye mchoro, maana ile iliyopo kwa hisani ya jirani itafungwa siku jirani atakapouza.

Nyumba yenyewe ifuate maisha unayoyakusudia. Iwe ya chini, isiyo na ngazi. Kizingiti cha mlango kiwe usawa wa sakafu, na mlango wa kuingilia uwe na upana wa kupitisha baiskeli yenye vikapu. Acha nafasi ya kuiegesha ndani, karibu na mlango, isilazimu kusogeza makochi kila asubuhi. Weka bomba nje la kuosha tope, na baraza inayotazama mtaani badala ya uani, ili wanaopita wakuone nawe uwaone. Geti dogo la waenda kwa miguu liwe upande ulio karibu na duka, hata kama geti la gari liko kwingine. Mweleze fundi mambo haya kabla hajamwaga zege, kwa sababu kuvunja kizingiti na kuhamisha geti baadaye kutakula fedha za miezi kadhaa ya pensheni.